Mirathi ya Pembe Tatu

Mwendo wa kilometa arobaini hivi upande wa mashariki wa forodha ya Kigoma, katika nchi ya Waha, hupita mstari ambao jicho halijapata kuuona wala jembe halijapata kuukata, nao ni mstari wa longitudo ya nyuzi 30, ambao mtu akiufuata upande wa kusini atafika Afrika ya Kusini, na akiufuata upande wa kaskazini atafika Misri. Mstari huo haukuwa na fadhila yoyote juu ya jirani zake mpaka walipokuja wapima. Mwaka 1879 David Gill, mnajimu Mskoti aliyekabidhiwa nyumba ya kutazamia nyota katika Rasi ya Tumaini Jema, alitoa rai ya kwamba Afrika ipimwe kutoka Rasi hadi Kairo kwa mlolongo mmoja wa pembetatu, kila moja ikishikamana na mwenzake kwa ubavu, ili ijulikane kwa yakini ukubwa wa dunia hii na mviringo wake. Na kura ya njia ikaangukia longitudo ya 30. Rai ilikuwa kubwa kuliko umri wa mwenye kuitoa. Tryggve Rubin alipima kaskazini ya mto Zambezi kati ya 1903 na 1906. Kipande cha mpakani mwa Uganda na Kongo kilipimwa 1908 na 1909. Na magharibi ya Tanganyika ilingoja mpaka 1931, alipokuja Martin Hotine na wenzake, wakaishughulikia hadi 1933. Mlolongo wote haukutimia ila mwaka 1954, na Gill alikuwa amekwisha kufariki tangu 1914.

Watu wengi wasikiapo kwamba nchi imepimwa hudhani kwamba imekanyagwa yote kwa mnyororo, hatua kwa hatua, kichaka kwa kichaka. Sivyo. Desturi ya wapima wa zama zile ilikuwa kupima kwa urefu mistari michache tu, kila mmoja mahali tambarare na mbali na mwenzake, kwa utepe wa invari, mchanganyiko wa chuma na nikeli aliougundua Charles Édouard Guillaume mwaka 1896, ambao joto la mchana karibu haliurefushi. Kisha wakapanda vilele, wakaweka theodolaiti, chombo cha kupimia pembe, juu ya kilele kimoja na taa au kioo cha jua juu ya vilele vingine, na kati ya mistari hiyo wasipime tena urefu, ila pembe tu. Maana ukiujua ubavu mmoja wa pembetatu, na ukazijua pembe zake, pande mbili zilizobaki huzijua pasipo kuzitia mguu. Na kila upande mpya ulioujua huwa msingi wa pembetatu ya pili, na ya pili huzaa ya tatu. Bonde la Malagarasi, pamoja na matete yake na maji yake na mamba wake, likavukwa kwa jicho. Sijui kama kuna hila nyingine katika elimu ya mwanadamu iliyompatia mengi hivyo kwa kumtaka machache hivyo.

Lakini pembetatu si zote sawa mbele ya mpima. Mwanafunzi wa shule ya msingi hufundishwa kuzipanga kwa njia mbili: kwanza kwa pande, ambapo huwapo pembetatu sawa, yenye pande zote tatu za urefu mmoja, na pembetatu pacha, yenye pande mbili zinazolingana, na ile ambayo kila upande wake una urefu wake peke yake, na pili kwa pembe, ambapo huwapo zile ambazo pembe zake zote ni kali, yaani zimepungua nyuzi 90, na pembetatu mraba, yenye pembe moja ya nyuzi 90 kamili, na ile yenye pembe butu, iliyozidi hapo. Mtoto huyakariri majina haya akayajibu katika mtihani, kisha akayasahau, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba aina hizi zina kazi mbalimbali, na kwamba wapo watu ambao riziki yao yategemea kuzichagua.

Seremala wa Ujiji ajengaye kenchi huchagua pembetatu pacha, ili maji ya mvua yagawanyike kwa haki pande zote mbili za paa. Na huchagua pembetatu badala ya umbo la pande nne kwa kuwa fremu ya mbao nne, hata ikigongomelewa misumari mizuri, yaweza kusukumwa ikalala upande, lakini ya mbao tatu haiwezi kubadili pembe zake mpaka ubao mmoja uvunjike. Mwashi apangaye msingi huchagua pembetatu mraba, akavuta uzi hatua tatu upande huu na nne upande ule, akangoja mpaka kati ya ncha mbili zipatikane tano kamili, ndipo aseme kwamba kona yake imesimama. Maana tatu kwa tatu ni tisa, nne kwa nne ni kumi na sita, na jumla yake ishirini na tano ndiyo tano kwa tano. Mpima wa nchi yeye hupenda pembetatu sawa, au iliyo karibu nayo, na anao udhuru wa kuipenda: pembe ikiwa nyembamba, kosa dogo katika kuisoma huwa kosa kubwa katika urefu wa pande, na kwa hiyo wapima hujitahidi kuepuka pembe zilizo chini ya nyuzi 30 kama wapatavyo nafasi.

Ziwa Tanganyika haliwapi nafasi hiyo kwa urahisi. Limelala katika Bonde la Ufa, refu kiasi cha kilometa 670 na pana kiasi cha 50 tu, na miji yake imejipanga kandokando. Chukua bandari tatu, Bujumbura iliyo kaskazini, na Kigoma, na Kalemie iliyo ng'ambo ya Kongo kuelekea kusini, ukaziunganishe kwa mistari. Utapata pembetatu yenye pembe butu isiyo na haya: pembe ya Kigoma peke yake yakaribia nyuzi 147, na Bujumbura na Kalemie huachiwa makombo, 14 huku na 19 huko. Haiwezekani kuwa vinginevyo. Kigoma ikijinyoosha zaidi, wale wawili watapunjika zaidi. Na ikijipinda, watanufaika kwa kiasi kilekile ilichopoteza.

Hapa ndipo ninapoona kwamba pembe za pembetatu zafanana na warithi watatu wa mali moja. Mali yenyewe ni nyuzi 180, haiongezeki wala haipungui, iwe marehemu alikuwa tajiri wa ubao mzima au maskini wa pembe ya daftari. Na tofauti yake na faraidhi, yaani ugawaji wa mirathi wa Kiislamu, ni kwamba hapa sheria haikuweka fungu la yeyote, bali imeweka jumla tu, ikawaacha wagawane. Wakigawana sawa, kila mmoja hupata 60, nayo ni pembetatu sawa. Mmoja akichukua 90, wenzake wawili hawana zaidi ya 90 nyingine kati yao, na hivyo kila mmoja wao lazima awe pembe kali. Wawili hawawezi kuwa butu kwa pamoja, kwa sababu mali itakuwa imekwisha kabla wa tatu hajanyosha mkono. Na ukiurefusha ubavu mmoja nje ya kona, pembe ya nje utakayoipata ni sawasawa na mafungu ya wale warithi wawili walio mbali ukiyajumlisha. Mambo haya yote, ambayo vitabu vya shule huyaorodhesha moja moja kana kwamba ni mambo mengi, ni jambo moja tu.

Dalili yake ilikwisha andikwa na Euclid wa Iskandaria, yapata miaka 300 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, katika kitabu chake cha kwanza, kauli ya 32, na mtu aweza kuifahamu pasipo kushika kalamu. Pitisha katika kilele cha pembetatu mstari ulio sambamba na kitako chake. Pembe ya kilele itabaki mahali pake. Na pembe mbili za kitakoni zitajitokeza tena huko juu, moja kuume kwake na moja kushoto, kwa sababu mstari ukatao mistari miwili sambamba hutengeneza nayo pembe zilezile. Na zote tatu, zikiwa zimeketi bega kwa bega juu ya mstari mmoja ulionyooka, hutimiza nyuzi 180. Dalili ni fupi, haina ila. Lakini yafaa msomaji atie alama penye neno «sambamba», maana uzito wote umetundikwa hapo.

Maana wale waliopita katika longitudo ya 30 na theodolaiti zao, wakipima pembe kwa uangalifu unaozifikia sekunde, ambapo nyuzi moja ina dakika 60 na dakika moja ina sekunde 60, walijua mapema kwamba pembe tatu za pembetatu ya milimani hazitatimiza 180, bali zitazidi. Hawakushangaa. Waliiweka ziada hiyo katika hesabu kabla ya kutoka kambini, kwani kanuni yake yajulikana: juu ya dunia iliyo tufe, mali ya warithi watatu huongezeka sekunde moja kwa kila kilometa za mraba 197 hivi zilizomo ndani ya pembetatu yenyewe. Ile pembetatu yetu ya Bujumbura, Kigoma na Kalemie, yenye kilometa za mraba kama 5,800, haina nyuzi 180 bali ina 180 na karibu nusu dakika. Mwanzoni mwa miaka ya 1820 Carl Friedrich Gauss alipima huko Ujerumani pembetatu mashuhuri iliyosimama juu ya vilele vya Hohenhagen, Brocken na Inselsberg, yenye pande za kilometa 69, 85 na 107, nayo kwa ukubwa wake hupasa kuzidi kwa sekunde kama 15. Na kabla ya hapo, mwaka 1787, Mfaransa Adrien-Marie Legendre alikwisha waonyesha wapima njia ya kuishi na ziada hiyo pasipo kusumbuka: igawe mafungu matatu yaliyo sawa, ondoa fungu moja katika kila pembe, kisha ihesabu pembetatu yako kama iliyochorwa juu ya meza. Hukumu yenye insafu, ingawa warithi wenyewe hawakugawana sawa tangu mwanzo.

Mwashi wa Ujiji hana haja ya Legendre. Msingi wa mita za mraba ishirini huzidi kwa sehemu kama moja ya milioni kumi ya sekunde, na uzi wake una unene unaoshinda hapo mara nyingi mno. Nalitaja hili kwa kuwa wapo watu ambao, wakishasikia kwamba dunia ni mviringo, huona fahari kusema ya kwamba tulichofundishwa shuleni ni uongo. Si uongo, ni kweli iliyowekewa sharti, na sharti lenyewe ni ubapa. Kosa la vitabu ni kulificha sharti, na katika kosa hilo mimi huvilaumu, maana mtoto aliyeambiwa «katika uso bapa» mara moja tu angekuwa na mlango wa kuingilia mahali ambapo mwenzake ataona ukuta.

Wala si lazima mtu awe mpima ndipo akutane na pembetatu ya tufe. Mji wa Ujiji, uliokuwa mwisho wa njia ya misafara kutoka Bagamoyo, na ambao wasafiri Waingereza Burton na Speke waliufikia Februari 1858 wakakuta wafanyabiashara wa pwani wametangulia, ni mji wa Waislamu tangu zama kabla ya mtawala wake Mwinyi Kheri kuushika. Na kila aswaliye hapo husimama, mara tano kila siku, juu ya kipeo cha pembetatu kubwa ajabu, ambayo vipeo vyake vingine viwili ni Makka na Ncha ya Kaskazini. Kutafuta kibla maana yake ni kutafuta pembe ya pembetatu hiyo iliyopo hapo alipo mwenye kuswali: ni kiasi gani ageuke kutoka kaskazini halisi ili uso wake uelekee Al-Kaaba kwa njia iliyo fupi kuliko zote juu ya mgongo wa dunia.

Mfanyabiashara wa Bagamoyo aliyezoea kwao hakuwa na shida kubwa, kwa sababu Makka imekaa karibu kabisa juu ya longitudo yake, na kibla cha Bagamoyo kimeachana na kaskazini kwa nyuzi mbili tu kuelekea mashariki. Lakini alipoondoka na msafara wake akashika njia ya bara, kibla kilianza kugeuka chini ya nyayo zake pasipo kumwarifu. Alipofika Tabora kilikuwa nyuzi 14 mashariki ya kaskazini; na alipofika Ujiji, baada ya zaidi ya kilometa elfu moja, kilikuwa nyuzi 20. Kama angalitandika mswala wake ufukoni kwa mazoea ya pwani, angalielekea upande wa magharibi mno, mbali na Makka. Kwa ajili ya haja hii hasa wanazuoni wa Kiislamu waliikuza elimu ya pembetatu za tufe kuliko watu wote waliowatangulia. Al-Biruni aliandika kitabu kizima, akakimaliza mwaka 1025, kuhusu kuweka mipaka ya mahali, na miongoni mwa makusudio yake palikuwa kuujua kwa yakini mwelekeo wa kibla wa mji wa Ghazna. Na Nasir al-Din al-Tusi, katika karne ya 13, akaitoa elimu ya kuzitatua pembetatu katika utumishi wa elimu ya nyota, akaipa milki yake yenyewe.

Sasa tuzihesabu pembe za pembetatu hiyo ya Ujiji. Hapo Ujiji pana nyuzi 20 na robo zaidi kidogo. Kwenye Ncha, ambapo longitudo ya Ujiji na longitudo ya Makka hukutana, pana 10 na ziada kidogo, ambayo ni tofauti ya longitudo za miji hiyo miwili. Na huko Makka, kati ya njia iendayo Ncha na njia ijayo Ujiji, pana pembe butu ya nyuzi 158. Jumlisha, utapata karibu 189. Nyuzi nane na nusu na zaidi zimeongezeka juu ya mali ya ubaoni, na hakuna aliyeziiba kokote: ni haki ya eneo la kilometa za mraba zaidi ya milioni sita, kuanzia maziwa makuu, kupita Misri na Shamu na nchi za Warusi, mpaka kwenye barafu.

Ukitaka kuona ni wapi dalili ya Euclid ilipokatika, nenda kwenye mstari wa Istiwai, ndio Ikweta. Kayabwe, kwenye njia itokayo Kampala kwenda Masaka, ipo juu ya mstari huo, na Nanyuki katika Kenya nayo hali kadhalika, na kati ya longitudo zake pana nyuzi kama tano. Mtu mmoja atoke Kayabwe na mwingine Nanyuki, kila mmoja akiupa Istiwai ubavu kwa pembe mraba kamili, wote wakielekea kaskazini pasipo kugeuka. Kwa kanuni ya ubaoni, mistari miwili inayosimama wima juu ya mstari mmoja ni sambamba, haikutani abadani. Watu hawa watakutana kwenye Ncha. Wamefanya pembetatu pacha yenye pembe mraba mbili, jambo ambalo tulikwisha sema kwamba haliwezekani, na juu ya hizo mbili ipo ya tatu, ya nyuzi tano. Kwa hiyo juu ya tufe hakuna mistari sambamba ya kumsaidia Euclid hapo kileleni, na dalili yake, iliyo timilifu mahali pake, haina pa kushika. Na hata majina yale ya shule hulegea: pembetatu yaweza kuwa pacha na mraba na butu kwa wakati mmoja, na pembetatu sawa yaweza kuwa na pembe za 60 na kitu, au 70, au 90 zote tatu, kwa kadiri ya ukubwa wake. Juu ya ubao, umbo la pembetatu na ukubwa wake ni mambo mawili yasiyojuana. Juu ya tufe, ukiujua ukubwa umekwisha ujua jumla ya pembe, na ukiijua jumla ya pembe umekwisha ujua ukubwa.

Yaliyopatikana katika mlolongo wa longitudo ya 30 hayakubaki kuwa fahari ya wanahandasa. Kutokana nayo uliwekwa msingi wa vipimo uitwao Arc 1960, ambao Kenya, Uganda na Tanzania zilichorea ramani zake, na hati nyingi za viwanja zilitegemea tarakimu zake. Setilaiti za siku hizi zina msingi mwingine, uliowekwa kwa kuitazama dunia yote kwa pamoja, na misingi hiyo miwili hailingani, kwa kuwa kila mmoja umelikadiria tufe na kitovu chake kwa namna yake. Mahali palepale pamoja, kwa tarakimu za huu na tarakimu za ule, huachana kiasi cha mita mia tatu, hasa kwa upande wa kusini na kaskazini. Kwa hiyo mtu wa Kigoma aliye na ramani ya zamani na simu mpya, akizichukua tarakimu za ile na kuzitia katika hii pasipo kuzigeuza, atasimamisha vigingi vyake mita mia tatu mbali na kiwanja chake, na mwenye shamba atakayemkuta huko huenda asiwe na subira ya kusikiliza habari za tufe.